Chombo Kikuukuu: Msumari, Mvua na Mnyoo

Mnunuzi wa mashua iliyotumika huanzia tezini. Anavuta kamba ya mashine, anasikiliza mlio, anatazama moshi, kisha anauliza bei. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana mashine huoshwa na kutiwa plagi mpya kabla chombo hakijatangazwa. Lakini mashine hufunguliwa ikauzwa peke yake. Mwili wa mbao ukishakufa haununuliki ila kwa kuni, na humo ndimo fedha za watu zinamozama.

Mashua za mbao za pwani yetu, ziwe zimetoka Nungwi, Bagamoyo au Matondoni, huundwa kwa njia zinazokaribiana. Mkuku hulazwa kwanza, nguzo za omo na tezi zikasimamishwa, mbao zikapangwa ukingo kwa ukingo, na mataruma yakashika kwa ndani. Misumari hupigwa kutoka nje kupitia tundu lililotobolewa kwa keke, na nafasi kati ya mbao huzibwa kwa pamba. Kwa hiyo chombo kinategemea vitu vitatu: mbao, msumari na kalafati. Kila kimoja kina adui wake na mahali pake pa kuugulia. Mkaguzi anayefahamu hilo hapotezi muda kugonga kila ubao kwa kubahatisha.

Sehemu ya juu ya chombo huuawa na mvua. Maji ya chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao, lakini maji ya mvua yakituama huwakaribisha. Uozo basi utafutwe pale mvua inapoingia isipate pa kutokea: kwenye vichwa vya mataruma, chini ya darumeti, na katika pembe za omo na tezi. Chomeka ncha ya kisu. Ubao mzima hukataa. Uliooza humeza ncha bila kelele, hata ukiwa umepakwa rangi jana. Tena rangi mbichi kwenye chombo kinachouzwa ni sababu ya kuchomeka kisu mara mbili.

Sehemu ya chini huuawa na minyoo ya baharini inayobungua mbao. Ubaya wake ni kwamba huingia ikiwa midogo mno, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani huku ikichimba njia pana. Kwa nje ubao unaonekana mzima ilhali ndani umebaki maganda. Wazee wa pwani walijibu adui huyu kwa moto wa makuti: chombo hupandishwa, tumbo lake hubabuliwa, kisha hupakwa deheni ya chokaa na mafuta. Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni mara ya mwisho chombo kilipandishwa lini, na kabla ya hapo lini. Baada ya majibu, gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia mkuku kwenda juu. Ukisikia mlio umebadilika ukawa wa uvungu, omba ruhusa ya kutoboa tundu dogo. Ukikuta njia zilizopakwa utando mweupe wa chokaa, minyoo imeshapita hapo. Aina ya mti pia ina uzito wake. Mvule, msaji na mbambakofi hustahimili. Ubao wa mwembe ni wa bei nafuu lakini haudumu muda mrefu. Vyombo vingi vikuukuu vina mchanganyiko, kwa hiyo uliza ubao mmoja mmoja.

Ukaguzi huo ufanywe siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Bahari yetu hupanda na kushuka mita tatu hadi nne wakati huo, na chombo kikiegemezwa mchangani maji yakitoka, tumbo lote linaonekana bila gharama ya kukivuta. Muuzaji anayekuita maji mafu, mashua ikielea, amekuchagulia siku yake.

Adui wa tatu, anayesahaulika kuliko wote, ni kutu. Mtepe wa zamani, uliosukwa kwa kamba za nazi, haukuujua ugonjwa huu. Mashua ya misumari inaujua sana. Chuma kikipata kutu huvimba, hupasua ubao kwa ndani na kuharibu nyuzi zake, mpaka msumari unabaki umesimama kwenye tundu pana kuliko wenyewe. Dalili ni michirizi ya kahawia chini ya vichwa vya misumari, na safu za misumari mipya kando ya ya zamani. Fundi akishapiga safu ya tatu kwenye taruma lilelile, kuni pale ni nyingi kuliko mbao. Angalia pia kwenye ngama: saruji iliyomwagwa hapo haizibi tatizo, inalificha.

Vuta uzi kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku. Mkuku ukipanda katikati na ncha zikashuka, chombo kimechoka mgongo, na hakuna kalafati itakayoshika kwa muda. Kagua hasa tezi. Mashua nyingi ziliundwa kwa ajili ya tanga, kisha zikakatwa nyuma ili zibebe mashine. Mtikisiko wa mashine hulegeza maungio ambayo upepo haukuyagusa kamwe.

Ndipo chombo kitiwe majini. Mbao zilizokaa kavu muda mrefu husinyaa, hivyo mashua itavuja mwanzoni, na muuzaji atasema itaacha ikishakunywa maji. Huenda ni kweli, lakini kuna jinsi ya kupima. Fua maji yote jioni, weka alama kwenye ngama, na urudi asubuhi. Rudia usiku wa pili. Maji yakipungua, mbao zinavimba na kujifunga. Kisha nenda nayo kwenye mawimbi. Chombo kinachovuja zaidi kikiwa mwendoni kuliko kikiwa kimetia nanga hakina shida ya pamba. Misumari yake inacheza, na kuikalafati upya ni kulipia mvujo uleule mara mbili.

Mashine ifuate sasa. Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imepashwa ili iwake upesi. Pima mgandamizo wa kila silinda; tofauti kubwa kati yake ni kasoro hata kama namba ya juu inapendeza. Maji ya kupoozea yatoke kwa nguvu mfululizo. Fungua skrubu ya chini ya gia: oili nyeupe kama chai ya maziwa ina maana maji yameingia kwenye sili. Namba ya mashine ilingane na risiti, na kibandiko kilichokwanguliwa kimalize mazungumzo.

Karatasi hazichukui muda, ila ziwe za jina la anayeuza. Kwa Tanzania Bara uliza usajili wa chombo, leseni ya uvuvi ambayo hukatwa kila mwaka, na cheti cha usalama cha TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Zanzibar, usalama wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kama nyavu zimo kwenye bei, hakikisha hununui kokoro lililopigwa marufuku.

Kisha bei ivunjwe vipande vitatu: mwili, mashine, zana. Ubao uliooza, minyoo ya sehemu moja na mashine iliyochoka ni vitu vya kukatia bei, kwa sababu fundi anaweza kukutajia gharama yake. Mkuku uliopinda na misumari inayocheza mwendoni havina punguzo linalotosha. Na muuzaji asiyetaka chombo kilale majini usiku mbili ameshakupa jibu; nunua mashine yake ukipenda, umwachie mbao.