Kipimo cha Kisomo na Lengo Lake

Chombo cha umma kinapojiwekea lengo hakina budi kuchagua na kipimo; na aghalabu kipimo ndicho kinachotawala kazi, lengo likabaki katika hotuba. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki kwa jicho hilo kampeni ya kisomo cha watu wazima nchini Tanzania.

Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwezi Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU uliagiza kwamba hali hiyo ifutwe kabla ya mwaka 1975 kwisha. Kujua herufi hakukuwa ndiyo shabaha yenyewe. Vitabu vya kisomo viliandikwa juu ya pamba, ndizi, uvuvi na maarifa ya nyumbani, ili mwananchi asome habari za kazi yake mwenyewe na kuiendesha vizuri zaidi.

Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa zima. Jambo hili twalisifu bila kusita, maana kuhesabu majina katika daftari la mahudhurio kungalikuwa rahisi zaidi, na jumla yake ingalipendeza zaidi. Mtihani ulikuwa na hatua nne. Mtu wa hatua ya kwanza alikuwa bado hajahesabiwa kuwa anajua kusoma. Wa tatu alisoma na kuandika sentensi nyepesi. Wa nne aliweza kusoma gazeti, kuandika ujumbe wake na kuweka hesabu zake. Mpaka hapo kipimo kilikuwa kizuri. Kilichokiharibu ni tangazo. Waliofikia hatua ya tatu walijumlishwa na wale wa nne, wote wakaitwa wanaojua kusoma, na wananchi wakapewa tarakimu moja: wasiojua wameshuka hadi asilimia 39. Hatua ya nne, ambayo ndiyo hasa iliyofanana na lengo, ikamezwa na jumla.

Tarakimu hiyo iliendelea kushuka: 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, na chini ya 10 mwaka 1986. Lakini msomaji wa hatua ya tatu ni mche uliotolewa kitaluni juzi. Maji yake yalikuwa maktaba ya kijiji na gazeti la vijijini, kama Elimu Haina Mwisho lililoanzishwa Mwanza mwaka 1974. Baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin ukaja ukata, karatasi nayo ikaadimika.

Kwa sensa ya mwaka 2002, katika watu wazima 10 ni karibu 7 tu waliojua kusoma na kuandika. Haitakuwa haki kuwabebesha wanakisomo wa zamani lawama yote, kwani wamo humo vijana waliokosa shule katika miaka ya 1980 na 1990. Walakini asilimia moja ya jumla haiwezi kututengea aliyekosa mwalimu na yule aliyefundishwa, kisha akaachwa bila cha kusoma.