Huntha, Hanithi na Aliyebadili Jinsia

Katika maandishi ya siku hizi maneno haya matatu aghalabu hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Kosa hilo si dogo, maana lawahusu watu ambao haki yao hutegemea neno waitwalo.

Huntha na hanithi yatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyatenga. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume pamoja. Neno hili laeleza mwili wala halitukani. Hanithi ni tusi, nalo halimfai mwandishi ye yote mwenye kupenda haki. Aliyebadili jinsia ni mtu ambaye, kwa kawaida, maumbile yake hayakuwa na shaka alipozaliwa, ila nafsi yake yajitambua kwa jinsia nyingine.

Madhara ya kuyachanganya yaonekana Kenya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikamtaja mtoto huntha na kumlinda. Msomaji asiyetofautisha maneno atadhani kwamba waliobadili jinsia nao walihesabiwa na kulindwa; kumbe sivyo. Wao iliwabidi waende mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha mtihani alioufanya mwaka 2001, chenye jina lake la sasa, bila ya alama ya jinsia. Kwani maksi hazitolewi kwa kuangalia jinsia ya mtahiniwa.

Hata hivyo, neno aliyebadili nalo lina dosari. Kitenzi hicho chadai kwamba jambo limekwisha tendeka, hali wengi hawajapata tiba yo yote. Lakini kwa vile limeenea na halina matusi, lafaa litumiwe kwa uangalifu hadi lipatikane lililo bora.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina nafasi ya watu hawa. Hoja hiyo ni dhaifu. Kiambishi a- hakiulizi kama mtu ni mume au mke. Ugumu umo katika Bwana na Bibi, katika kuoa na kuolewa. Katika ngeli ya kwanza kila mtu ni mtu. Sarufi haikumnyima mtu nafasi yake. Wanaomnyima ni wasemaji.