Karama angefeli mtihani wa Kusadikika

Waungwana, nianze na kisa kidogo. Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Tanga alinipigia simu, ana kazi ya fasihi juu ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Nikafurahi, nikadhani tutazungumza kitabu. Nikamwuliza, hebu niambie, ungekuwa wewe mfalme, wale wajumbe ungewafanya nini? Kijana akanikatiza: "Mjomba, hayo baadaye. Mimi nataka dhamira tano. Mwalimu kasema tano." Basi nikampa tano. Akapata alama nzuri, nami nikabaki na aibu.

Aibu kwa sababu kitabu chenyewe, kilichotoka mwaka 1951, kinazungumzia jambo hilo hilo. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria, elimu ambayo wakubwa hawakuizoea wala hawakuitaka. Akipewa nafasi ya kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, hata mbinguni na ardhini, wakapata taabu njiani, wakarudi na mambo mapya ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Kosa lao, kusema kweli, ni kurudi na kitu ambacho bwana mkubwa hakukifikiria yeye kwanza.

Tazameni sasa namna Karama anavyojitetea. Hatoi hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anasimulia kisa, kisha kingine, mpaka baraza zima linajikuta linahukumu kesi sita badala ya moja, na mshitaki ndiye anayeanza kutoka jasho. Huo ndio ubunifu wa kitabu, na uko katika umbo lake zaidi kuliko katika mawaidha yake, ambayo mengine, Shaaban Robert atanisamehe, ni marefu kupita kiasi. Lakini mpeni Karama karatasi ya mtihani, mwambieni "jitetee kwa hoja tano". Angeandika visa. Msahihishaji angepiga mstari mwekundu: nje ya mada.

Na msahihishaji huyo nilikuwa mimi. Mwaka 1996, kabla sijapata nafasi ya kwenda kusoma nje, nilifundisha Kiswahili sekondari. Binti mmoja aliandika kwamba adui wa Kusadikika si Majivuno bali mfalme, maana Majivuno ni mdomo tu, na mlango wa gereza haufungwi bila idhini ya mwenye kiti. Mwongozo niliokuwa nao mezani ulisema adui ni Majivuno. Nikampa sifuri. Wala sikusita, nilikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha na taa ya chemli inaishiwa mafuta. Leo, baada ya miaka yote hii na shahada ya uzamivu, naona alichokisema yule binti ndicho udhaifu mkubwa wa riwaya ile. Mwisho wake ni mwema kwa kuwa mfalme amesikiliza. Wajumbe wanatoka kwa huruma ya mtu mmoja. Na siku asiposikiliza je? Tuko pale pale. Tasnifu nzima ingeandikwa juu ya sentensi mbili za mtoto yule, nami nilizifuta kwa kalamu.

Msiniambie kwamba mambo yamebadilika kwa sababu neno "ubunifu" limeingia kwenye mtaala. Nyerere alilalamikia elimu ya kukariri kwa ajili ya mtihani katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Tanzania ikaja na mtaala wa umahiri wa sekondari mwaka 2005. Kenya ikaanza kujaribu wa kwake mwaka 2017, na ubunifu umo kati ya mambo saba ya msingi. Maneno mazuri yote. Lakini mpwa wangu bado anataka tano.

Upande wa kazini nina kidonda kingine. Nilipomaliza masomo nilirudi nyumbani, nikaajiriwa chuoni kwa mwaka mmoja. Nikapendekeza wanafunzi wafanye mtihani vitabu vikiwa wazi mezani. Mkuu wangu akacheka: "Daktari, umekuja kutufundisha kazi?" Nikafunga virago. Kisa hiki nimekisimulia Muscat, nimekisimulia Leeds, kila mara mimi ni mjumbe wa saba wa Kusadikika, na wasikilizaji wanatikisa vichwa kwa huruma. Wengi wetu tulio ughaibuni tuna kisa cha namna hii, sivyo?

Ila nikikisoma kitabu tena safari hii nimekwama mahali. Mimi sikubuni kitu. Nilichopeleka nilikiona kwa watu, nikakibeba kama kilivyo, sanduku na kifungio chake. Na chumba cha pili kutoka changu palikuwa na mwalimu mmoja wa makamo, hana hata shahada ya uzamili, ambaye kila mwaka aliwatuma wanafunzi wake kwa bibi zao wakusanye nyimbo za harusi na za unyago, warudi waseme kwa nini wimbo fulani umekufa na fulani unaishi. Hakuna mwongozo wa mtihani wa namna hiyo. Hakuna wa kunakili kwa mwenzake, maana kila bibi ana zake. Nilimwona kwa mwaka mzima na nikamhesabu mtu wa kizamani. Shaaban Robert mwenyewe, tusisahau, aliingia kazini kama karani wa forodha mwaka 1926, bila chuo kikuu chochote nyuma yake. Sijui ningekuwa mkuu wake ningemwonaje, huyu karani anayeandika mashairi.

Wenzetu wanaoandika miongozo, na baadhi ni wanafunzi wangu wa zamani, nawaomba jamani waache hata ukurasa mmoja wa maswali ambayo majibu yake hayako nyuma ya kitabu. Mimi nimeanza na mpwa wangu. Nimemwambia aniandikie hukumu nyingine ya kesi ya Karama, ambayo mfalme ndiye aliyeko kizimbani, na asinitajie dhamira hata moja. Ameniuliza ina alama ngapi.