Maneno 850: Je, Yatosha Kunena Kiingereza?

Wasomaji wengi wataka kujua njia fupi ya kunena Kiingereza pasipo kusitasita. Njia moja iliyosifiwa sana ni ile ya C. K. Ogden, mwanachuoni wa Cambridge, ambaye mwaka 1930 alitoa kitabu chake kiitwacho Basic English. Yafaa tukipime kwa haki, maana wako vijana watumiao fedha na miezi yao kwa kukariri orodha za namna hii.

Ogden alichagua maneno 850, yakaenea katika ukurasa mmoja. Maneno 600 ni majina ya vitu na mambo, 150 ni ya sifa, na 100 ni ya kutenda na kuunganisha. Katika hayo 100, vitenzi havifiki 20. Neno la kula halimo; afuataye kanuni husema kwamba atwaa chakula. Neno la kuuliza halimo. Husema kwamba aweka swali.

Kwanza nampa sifa yake. Wengi wetu tulikusanya maneno makubwa kama mtu akusanyaye nguo za sikukuu, tukakosa nguo ya kulimia. Ogden alionyesha kwamba neno dogo litumiwalo kila siku lafaa kuliko neno kubwa lililofungiwa sandukuni. Mwanafunzi aliyeiogopa kamusi nene hupata moyo aonapo kazi yake ina mwisho.

Walakini kosa lake limo katika sifa hiyo hiyo. Maneno ni machache, lakini maana zake ni nyingi. Tazameni lugha yetu wenyewe. Mgeni akiambiwa kwamba kupiga ni kuchapa, je, amekwisha kujua kupiga magoti, kupiga hodi, kupiga pasi na kupiga mbio? Akijua kukata mti, je, ajua kukata shauri, kukata tamaa na kukata roho? Ndivyo yalivyo maneno madogo ya Kiingereza, kama “get” na “put”. Ogden alipopunguza vitenzi, aliwatwika hao wachache waliobaki mzigo wa wote aliowaondoa, na mwenye kuubeba ni mwanafunzi.

Nalikuwa na kijana aliyeikariri orodha yote asikose hata neno. Siku moja mgeni alimwamkia, “How are you getting on?” Maneno hayo yote yamo katika orodha, naye aliyajua moja moja. Akajibu kwamba hakupanda kitu, alikuja kwa miguu. Wenzake wakacheka, naye kwa majuma mengi hakufungua kinywa tena. Sikumlaumu yeye, nalijilaumu mimi, niliyemwambia kwamba akiimaliza orodha ataweza kunena.

Tena mazungumzo ni ya watu wawili. Wewe waweza kujifunga kwa maneno 850, bali yule akujibuye hakujifunga. Orodha yaweza kukusaidia kuandika barua, ambayo ina nafasi ya kufikiri; haikufundishi kusikia.

Harold Palmer, aliyekwenda Japani mwaka 1922 kwa kazi ya mafundisho ya Kiingereza, alishika njia nyingine. Katika kitabu English Through Actions, kilichotoka mwaka 1925, mwanafunzi husikia neno na kulitenda: aambiwa afungue mlango, naye aufungua, kisha asema alivyofanya. Masikio yatangulia, ulimi wafuata, kama mtoto ajifunzavyo kwa mama yake. Kwa habari ya kunena, naona Palmer aliikaribia kweli kuliko Ogden.

Basi mwenye orodha asiitupe, lakini asiikariri kama mtihani. Atwae maneno 10 kwa juma, na kwa kila neno ajifunze semi 3 zilizo kamili, azitamke kwa sauti na mwenzake kila jioni. Mwenzake na amjibu apendavyo, wala asimcheke akikosea, maana kicheko kimewanyamazisha wanafunzi wengi kuliko ugumu wa lugha.

Musa naye alikuwa mzito wa ulimi, akaogopa kusema mbele ya Farao. Hakupewa orodha ya maneno. Alipewa ndugu yake Haruni aende pamoja naye. Kila mwanafunzi na amtafute Haruni wake.