Mkwaju Anapiga Hodi

Darasani hatuchoki kuutaja mchezo wa redio wa Orson Welles, uliorushwa Marekani tarehe 30 Oktoba 1938 na kuwatia wasikilizaji hofu ya wavamizi kutoka Mars. (Magazeti nayo yalitia chumvi.) Kwetu Kalenga uvamizi si hadithi: tarehe hiyo hiyo, mwaka 1894, Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa. Adui wa namna hiyo unamsikia akija.

Mimi naona Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, unatisha zaidi. Mkwaju ni dereva wa lori, ana wanawake njiani, kisha anarudi kwa mkewe, Tunu. Hana mzinga wala nini. Anapiga hodi tu, kama baba yeyote. UKIMWI unaingia polepole, kipindi baada ya kipindi. Hapo ndipo ufundi ulipo, hata kama kuna wanaouita mchezo huu tangazo la afya.

Kasoro yake ni hilo lori. Barabara ya Zambia inapita Iringa, madereva tunawaona kila siku. Ni rahisi mno msikilizaji kusema, "Aa, hayo ya madereva," akazima redio akalala.