Sifa ya Wanaopokea

Bendi ikivunjika kisha ikarudiana, mashabiki hawaanzi kwa kuuliza itapiga nini. Wanauliza nani yumo. Wapenzi wa muziki wa roki wa Deep Purple ya Uingereza wameufanya ubishi huo kuwa elimu kamili: kila safu ya wanamuziki wameipa namba, na bendi iliporudiana mwaka 1984 furaha ilikuwa kubwa kwa sababu iliyorudi ni safu ya pili, ya Ritchie Blackmore, Ian Gillan, Roger Glover, Jon Lord na Ian Paice. Blackmore alipoondoka tena mwaka 1993, hesabu ikaanza upya. Kwetu ubishi huo tumeuzoea. Bendi ya dansi ya NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanzania, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Mwaka 1978 mwimbaji wake Muhiddin Maalim Gurumo aliihama, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, wazee wa Sikinde. Mwaka 1985 akahamia bendi ya Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo na kukaa hapo hadi alipostaafu, miezi michache kabla ya kufariki Aprili 2014. Mwimbaji mwenzake Hassan Bitchuka naye alikwenda na kurudi. Huku Msondo, Baba ya Muziki, kule Sikinde, Ngoma ya Ukae, na katikati yao watu wazima wenye kumbukumbu kali wakibishana juu ya nani alimbeba nani.

Ubishi huo nauheshimu. Anayebishana kuhusu safu ya bendi amesikiliza, na ana hofu ya kweli kwamba kitu alichokipenda kinaweza kupotea huku jina lake likiendelea kubandikwa kwenye matangazo. Ila hesabu yake naiona ina kasoro. Anahesabu walio mbele: mwimbaji, mtunzi, mpiga solo. Akishapata majina mawili matatu anayoyajua, anasema bendi imerudi. Akiyakosa, anasema imekufa. Ufundi unaolifanya kundi kuwa kundi unakaa kwa sehemu kubwa kwa wale wanaopokea wimbo, na wanaopokea hawamo kwenye hesabu yake. Kwa hoja hiyo sijui mahali pazuri pa kuitazama kuliko Ugogo, katika uwanda wa kati wa Tanzania, na kundi la kutazama ni ukoo wa Zawose.

Kwanza muziki wenyewe. Wagogo huimba kwa sauti zaidi ya moja zinazokwenda pamoja, na mpangilio wake una kanuni. Kanuni hiyo inasikika kwenye zeze: ukiugusa uzi wake kidogo tu bila kuukandamiza, unatoa sauti nyembamba zilizojificha ndani ya sauti yake kubwa, nazo hupanda kwa mpangilio uleule wa asili, uzi wowote utakaoshika. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyeanza kurekodi Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba ngazi ya noti za Kigogo imejengwa juu ya sauti hizo za asili. Zinapatikana noti tano, na nafasi kati ya noti na noti hazilingani. Mwimbaji wa pili hachukui noti iliyo jirani na ya mwenzake. Anairuka moja, anakamata inayofuata. Mwanzishaji akipanda, wa pili anapanda naye kwa kuruka vilevile, na kwa kuwa nafasi hazilingani, umbali kati ya sauti mbili mara unapanuka mara unabanwa. Ndiyo maana sikio lililozoea kwaya za kanisani linahisi kuna kitu kinachovuta upande, ilhali hakuna aliyekosea.

Tazama maana yake. Anayeitikia hangoji kupangiwa sauti yake na mwalimu. Noti ya kwanza ikishatoka kinywani mwa mwanzishaji, ya pili imeshajulikana. Kazi ya mwitikiaji ni kuifikia kwa wakati, kwa uzito unaofaa, bila kumfunika mwenzake. Hiyo si kazi ndogo. Anatakiwa aijue ngazi yote kichwani, amsikie mwenzake huku yeye mwenyewe akiimba, na ajue lini pumzi ya mwanzishaji inakaribia kwisha ili adakie kabla wimbo haujatoboka. Polo Vallejo wa Uhispania ametumia miaka mingi kuusoma muziki huu kwa watu wa kijiji cha Nzali, na kazi yake inaonyesha jambo ambalo wanakijiji hawakuhitaji kuambiwa: kila sauti ina mahali pake, na ikiondolewa moja, zilizobaki zinabadilika maana. Ndivyo ilivyo pia kwenye muheme, ngoma za wanawake zenye kiuno chembamba, zinazobanwa mapajani na kupigwa kwa viganja. Ukiisikiliza moja peke yake huupati mdundo wa muheme. Mdundo unazaliwa pale mapigo ya huyu yanapoingia kwenye mapengo aliyoyaacha yule.

Hata chombo cha mtu mmoja kimejengwa kwa akili hiyohiyo. Chukua ilimba, sanduku la mbao lenye safu ya vyuma vilivyopondwa vikawa bapa. Ili kukipandisha chuma sauti unakisukuma ndani, sehemu inayotetema ipungue. Ili kukishusha unakivuta nje. Ilimba kubwa ina vyuma ambavyo vidole havivigusi kabisa. Vimefungwa pembeni na kulinganishwa na vile vinavyopigwa, vipate kutetema vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Na ubaoni kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mkavu anaofunikia mayai yake. Ndio unaotoa mvumo wa mkwaruzo unaoitambulisha ilimba ya Kigogo tangu sekunde ya kwanza. Fundi akisahau utando, vyuma vyote vinalia sawasawa, lakini msikilizaji wa Dodoma atakwambia hiyo ilimba haijakamilika. Vyuma visivyoguswa na utando usioonekana ukiwa mbali vimo ndani ya muziki kama vile vinavyopigwa.

Sasa Hukwe Zawose, mzee wa ukoo huo, mwimbaji na mpiga ilimba na zeze. Alizaliwa Doduma, mkoani Dodoma, na Mwalimu Nyerere alipokusanya wasanii wa taifa jipya, aliitwa Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981 alikuwa mmoja wa nguzo zake, na ukoo wake ukaota mizizi pwani, mamia ya kilomita kutoka mashamba ya uwele na mtama. Alikuza ilimba, akalizidishia zeze nyuzi, na sauti yake ilishuka chini ikanguruma, ikapanda hadi ukadhani ameingia mwimbaji mwingine. Rekodi zake kadhaa zilitoka Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ambaye mwenyewe aliiacha Genesis mwaka 1975 na kuwaachia mashabiki ubishi usiokwisha kama bendi ile bila yeye ni bendi ileile. Mwaka 2002 Hukwe na jamaa yake Charles Zawose walizunguka na Gabriel huko Amerika Kaskazini. Desemba 2003 Hukwe akafariki, na Charles naye hakukaa sana. Kwa kanuni ya mashabiki, hapo hadithi iliishia.

Haikuishia. Mwaka 2024 lebo hiyohiyo ilitoa albamu iitwayo Maisha, ya kundi la The Zawose Queens, linaloongozwa na Pendo Zawose, bintiye Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Mtu anaweza kuuliza kwa nia njema: hawa ni nani katika safu? Jibu langu ni kwamba walikuwamo. Katika desturi waliyokulia, wanawake walipiga muheme na kupokea nyimbo. Kuanzisha wimbo, kutunga, kushika zeze na ilimba mbele ya watu ilikuwa ya wanaume. Kwa hiyo wakati macho ya dunia yalikuwa kwa mzee, masikio ya wanawake wa ukoo ndiyo yaliyokuwa yakiihesabu ile noti ya kuruka, wimbo baada ya wimbo. Sioni ni wapi pengine ufundi huo ungeweza kuhifadhiwa vizuri zaidi. Anayeanzisha anaweza kuujua upande wake tu akapita. Anayepokea hana budi kuzijua pande zote mbili, maana ya kwake inatoka kwenye ya mwenzake. Pendo na Leah walipoanza kuanzisha nyimbo, hawakuingia kwenye bendi iliyokufa. Walihama kutoka upande mmoja wa wimbo kwenda upande mwingine, na upande wa pili walikuwa wameshausikia maisha yao yote.

Kuna pingamizi zito hapa, nami silikwepi. Sauti ya Hukwe haina mbadala. Hakuna mpangilio wa noti utakaokurudishia lile koo, na anayesema muziki ni uleule anawadanganya waliomsikia. Nakubali kwamba kitu kikubwa kimeondoka. Lakini pingamizi hilo linathibitisha ukubwa wa mtu. Halithibitishi kwamba kundi lilikuwa yeye. Sauti inayopaa peke yake inasikika kuwa imepaa kwa sababu chini yake kuna wanaoshikilia. Ondoa wanaoshikilia, utabaki na ustadi wa kushangaza usio na mahali pa kutua.

Pingamizi la pili ni kwamba Maisha imetengenezwa na watayarishaji wa Uingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell, na kwamba mitambo imeuchafua muziki wa mababu. Hili nalipa uzito mdogo. Hukwe mwenyewe alitoa Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook wa Kanada na gitaa lake la umeme, na aliyezidisha nyuzi za zeze hawezi kutumiwa kama ngao ya wasiotaka mabadiliko. Mitambo ipimwe kwa jambo moja: je, imeacha nafasi ya sauti ya pili kusikika? Ikiifunika, imeharibu, hata kama kila chombo kilichopigwa ni cha asili.

Linalonisumbua zaidi ni hili: kama thamani iko kwenye nafasi na si kwa mtu, basi meneja yeyote anaweza kukusanya vijana, akawabandika jina kubwa, akauza tiketi. Wapenzi wa dansi wameshuhudia majina makongwe yakibebwa na watu ambao hawakuwahi kukaa na wazee. Hapo naungana na mashabiki wakali kabisa. Nafasi haikaliwi na yeyote. Inakaliwa na aliyefundishwa ndani ya wimbo, akiwa amezungukwa na wanaoujua, kwa muda wa kutosha kukosea na kurekebishwa hapohapo. Mpiga besi aliyekaa miaka kumi nyuma ya Gurumo ana haki zaidi ya kulibeba jina la Msondo kuliko mwimbaji nyota aliyejifunza nyimbo zake kwenye kanda. Kipimo hicho ni kikali kuliko cha majina, kwa sababu kinaweza kuikataa hata bendi yenye nyota wake wote wa zamani, endapo wamerudi kwa ajili ya picha na kila mmoja anamngoja mwenzake anyamaze ili aimbe yeye.

Chamwino, mkoani Dodoma, tangu mwaka 2009, hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo lililoanzishwa na Kedmon Mapana, na vikundi vya vijiji vya mkoa huja kuimba mbele ya watu wanaozijua nyimbo hizo. Kikundi kinaweza kuja mwaka mmoja na mzee wake, mwakani kikaja bila yeye. Hapo ndipo ubishi wa mashabiki ungepata mahali pa kujifunzia: sikiliza noti ya pili inaingia mapema kiasi gani, na inasita wapi. Na wanaorekodi vikundi hivyo, wa redio, wa vyuo na wa lebo za nje, waandike majina yote, aliyeshika sauti ya pili na kila mwanamke aliyebana ngoma mapajani, kwa herufi zilezile zinazoandika jina la kiongozi. Orodha za namna hiyo zingekuwa zimeandikwa tangu rekodi za kwanza za Zawose, mwaka 2024 hakuna ambaye angelazimika kuuliza Pendo na Leah wametokea wapi.