Jirani Anapokuwa Adui: Suala la Usalama katika Chozi la Heri

Mwalimu mwenzangu, tulipokuwa tukiifundisha riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2017), wengi wetu tulimweka Mzee Kedi chini ya maudhui ya ukabila na kumwacha hapo. Mwanafunzi alipata alama zake. Lakini hebu tumtazame Kedi upya, mara hii kwa jicho la usalama.

Aliyeshiriki kuiteketeza familia ya Ridhaa hakuwa mgeni wala jambazi wa usiku. Alikuwa jirani. Alilijua lango, alijua nani analala wapi. Sasa kumbuka kwamba Kenya ilipoanzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa kuiga mfumo wa mabalozi uliokuwapo Tanzania tangu miaka ya 1960, hoja kuu ilikuwa kwamba majirani wakijuana, mhalifu hana pa kujificha. Riwaya hii inaitia hoja hiyo shaka kubwa. Kedi na Ridhaa walijuana vyema. Kilichokosekana ni imani ya pamoja kuwa Ridhaa naye ni mwenyeji, na pasipo imani hiyo kule kujuana kukageuka silaha.

Mwandishi hatuachii tudhani kwamba chuki ilizaliwa siku ya uchaguzi. Anaturudisha kwenye utoto wa Ridhaa shuleni, alipotengwa na wenzake na kusimangwa kuwa ni wa kuja. Mwalimu ndiye aliyewakanya wanafunzi na kuwafunza kuishi pamoja. Tukio hili ni fupi na tunalipita upesi darasani (ajabu kwetu sisi walimu!), ilhali ndilo pekee ninaloliona kuwa kinga halisi. Askari wanapotokea riwayani, nyumba zimekwisha kuwa majivu.

Sauna naye anastahili kusomwa hivyo hivyo. Tunamlaani kwa kuwaiba Dick na Mwaliko, na ni haki tumlaani. Hata hivyo, kabla ya kuwa mhalifu alikuwa mtoto aliyenajisiwa na baba wa kambo, na mama yake akachagua kuificha aibu badala ya kuishtaki. Mficha uchi hazai, wasema wahenga. Huyu mama aliuficha uovu, nao ukazaa mwizi wa watoto. Tunapenda kuusifu utamaduni wetu kama ngome dhidi ya uhalifu. Matei anatuonyesha kwamba utamaduni huo huo una heshima inayofunga vinywa, na mhalifu hustawi penye vinywa vilivyofungwa.

Ninapotofautiana na mwandishi ni kwenye masuluhisho. Umu na Dick kukutana kwa sadfa katika uwanja wa ndege, na watoto kupata wazazi wapya, kunamfuta msomaji machozi, lakini kunatibu majeraha ya waliokwisha kuumizwa tu. Mtaa wa Ridhaa je? Nani aliketi na akina Kedi? Riwaya iliyojenga swali zito kiasi hicho inaliacha njiani, ikakimbilia furaha ya familia moja.

Ukiirudia riwaya hii na wanafunzi wako, waulize swali ambalo miongozo huwa hailigusi: Ridhaa angefanya nini, mwaka mmoja kabla ya moto, ili Kedi asimame langoni kumlinda?